Wake wa Mwandishi wa Ng'ambo

"Usigeuze kwanza, kaka, sijamaliza," fundi cherehani alimwambia mhakiki aliyekaa naye kwenye basi. Mhakiki alikuwa akipitia makala yake kuhusu mwandishi mmoja wa ng'ambo, na huyu mama, asiyemjua hata kwa sura, alikuwa akiisoma begani kwake bila haya. Mimi nilikuwa nyuma yao na shingo ilishaanza kuniuma kwa kuchungulia.

"Mbona ni wake zake tu? Vitabu vyake je?" fundi akauliza. Mhakiki akajibu kwa upole wa kujilazimisha, "Dada yangu, maisha ya mwandishi ndiyo yanayotufungulia kazi zake." Fundi akaguna. "Mimi nashona. Mteja haniulizi nimeachika mara ngapi, anatazama kama gauni limemkaa." "Lakini hapo kwenye wake zake hukuruka hata mstari," mhakiki akasema. "Sikuruka. Umbea mtamu, nikatae? Sasa niambie aliandika nini."

Mhakiki akageuza ukurasa. Riwaya zilianzia hapo, na wote wawili wakazama kusoma.

Basi likasimama kituo cha mwisho, kondakta akatuambia tushuke. "Kumbe dada unakaa huku?" mhakiki akauliza.

"Nilikuwa nishukie sokoni, tumeshapapita zamani. Geuza, kaka."