Sentensi ya Ukurasa wa Kumi na Nne

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa zahanati zote. Wakuu wa idara. Wenzetu wa programu mliowahi viti vya karibu na feni. Mabibi na mabwana:

KARIBU

Sisi waandishi wa miongozo tunakushukuru kwa kuja kutuzindulia toleo la pili la Mwongozo wa Mfumo wa Chanjo. Utuwie radhi kwa kubanana. Ofisi yetu ilikuwa stoo ya karatasi, na mpaka leo ni stoo ya karatasi.

TULIKOTOKA

Tulianza watano, tumebaki watatu. Kazi yetu ni kuchukua maneno ya wanaprogramu, wale waliotengeneza mfumo huu wa kompyuta, na kuyaandika upya, ili muuguzi ayaelewe huku foleni ya akina mama imefika mlangoni.

MAFANIKIO

Tumeandika miongozo kumi na mmoja. Ule wa mizani ya watoto haujawahi kupigiwa simu hata moja. Tunajivunia sana huo, maana sifa yetu ni simu kukaa kimya.

CHANGAMOTO

Kila ukurasa husainiwa na wanaprogramu kabla ya kuchapwa. Ni ndugu zetu, chai tunakunywa pamoja. Lakini tukiandika kwa maneno mepesi wanakata, eti tunawafanya watu kama watoto wadogo. Ukurasa wa kumi na nne wa toleo la kwanza tuliandika: "Ukibonyeza hapa, majina yote ya watoto yatafutika na hayatarudi." Ukaturudia hivi: "Riseti databesi kabla ya kusinki." Tulibisha mara mbili. Mara ya tatu tukanyamaza. Tulichoka, mgeni rasmi, na hatuna sababu nyingine ya kukupa.

Muuguzi mmoja, dada yetu mwenye miaka ishirini na miwili kazini, aliufuata ukurasa huo hatua kwa hatua. Kisha akatupigia, kwa kuwa namba yetu iko kwenye jalada.

"Jamani, nimefanya vilevile mlivyoandika. Mbona watoto wangu siwaoni?"

Majina mia sita na arobaini. Yote yalikuwa yamefutika. Wiki iliyofuata akapewa barua ya kusimamishwa kazi kwa uzembe, yenye sahihi yako. Hatukulaumu. Tunajua uliletewa ripoti iliyoandikwa kwa lugha ileile.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba, ya viti na feni yakiwemo. Sita tumeyafuta asubuhi hii. Lililobaki ni barua ya dada yetu ifutwe, na kama lazima barua iwepo, iandikwe kwa majina yetu. Yeye yupo kiti cha mwisho, karibu na mlango. Hakualikwa, tumekuja naye sisi.

Na kabla hujakata utepe, tunaomba ufungue toleo hili jipya, ukurasa wa kumi na nne. Sentensi ile ya "Riseti databesi" bado ipo, na imesainiwa.

Mungu akujalie afya, akupe na mkono usiochoka kama wetu ulivyochoka. Kalamu tumeiweka mezani, pembeni ya mkasi.

Ni sisi watatu,
Waandishi wa Miongozo, Chumba cha Stoo.