Bakuli la Mama wa Tambi

Katika basi la kwenda Barking, mashariki mwa London, nilitenda dhambi ya kusikiliza mazungumzo ya wakubwa, na natubu mbele ya msomaji. Mkenya mmoja aitwaye Wanjohi alikuwa ametoka kulalamika kwenye simu kwamba Jumamosi anasafiri kwenda Chengdu, China, na mfuko umetoboka. Muuguzi wa Kitanzania aliyeketi nyuma akamgusa bega. "Samahani, kaka. Naitwa Anastasia. Huko mimi nilikula siku tano karibu bure."

Kutwa alitembea kwa miguu kwenye bustani na mahekalu. Jioni ya kwanza mama muuza tambi alimuuzia tambi, akamwazima na bakuli ili akazile hosteli. "Sasa nitarudishaje chombo cha mtu kitupu? Nikatia karanga. Naye akanijazia tambi. Nikatia machungwa, akatia maandazi ya nyama. Hakuna aliyekubali kushindwa."

"Huo ni ujanja, dadangu! Uliponea kwa karanga!"

"Ni adabu. Yule mama namwombea mpaka leo." Akatoa bakuli la bluu mkobani. "Siku ya mwisho alinijazia, nikakimbilia uwanja wa ndege nalo. Nirudishie, tafadhali; anwani ya kibanda chake nimeibandika chini ya bakuli. Linaninyima usingizi; natembea nalo nikitafuta mtu wa kwenda huko."

"Na Kichina sijui, nitamwambia nini?"

"Usiseme kitu. Lijaze tu."

"Na akilijaza tena?"

Basi likasimama. Anastasia aliteremka akicheka. Wanjohi akamfuata akibisha bado, bakuli amelikumbatia kwa mikono miwili, akiuliza kama majani ya chai ya Kericho yatamfaa yule mama.