Mwalimu Tuone, Miaka Thelathini na Minne ya Hesabu za Nyumbani

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha hisabati, Mwalimu Tuone anastaafu. Jina lake halisi limo kwenye jalada la ofisi, na huko ndiko linakoishi. Wanafunzi, wazazi na hata mkuu wa shule humwita Tuone, kwa sababu mwanafunzi akitoa jibu lisilo sahihi, yeye hamwambii amekosa. Humwambia, "Haya, tuone," kisha humwacha aendelee nalo mpaka jibu lenyewe limgeuke.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba wa sura ya kitoto. Siku ya kwanza mlinzi alimrudisha getini akavae sare. Hakubishana. Alikwenda kumsubiri mkuu wa shule nje, wakaingia pamoja, na mlinzi yule akawa rafiki yake mpaka alipostaafu mwenyewe. Wanafunzi wake wa kidato cha nne walimpita kimo karibu wote, lakini hakuna aliyempita sauti.

Katika vitabu vya hesabu kuna mkulima mwenye shamba la mstatili kamili, ambaye kila mwaka hulizungushia uzio upya. Mwalimu Tuone alituambia hajawahi kukutana na mtu huyo wala jirani yake. Kwa hiyo aliwatoa wanafunzi nje. Walipima kivuli cha nguzo ya bendera wakapata urefu wake bila kupanda. Walikadiria maji ya tangi lililo nyuma ya maktaba. Walijifunza pembe kwa kusimama golini na kamba mkononi. Golikipa wetu wa miaka ile anaapa kuwa zile pembe ndizo zilizotuletea kombe. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka pia kwamba mshambuliaji wa wapinzani aliteleza.

Nyumbani nako mambo hayakuwa tofauti. Mume wake, shemeji yetu fundi umeme, analalamika kwamba tangu waoane hajawahi kuruhusiwa kusema "nakaribia kufika." Huulizwa anakaribia kwa kiasi gani.

Basi mambo yalikwenda hivyo hadi mwaka ule kuta za jengo kubwa zilipopata nyufa. Wahandisi waligonga hapa na pale, wakatikisa vichwa, wakafunga jengo zima. Wanafunzi walirudi makwao, na masomo yakahamia mtandaoni, kwenye jukwaa ambalo sisi walimu tulionyeshwa kulitumia kwa nusu siku tu. Vijana wetu wa kompyuta walifurahi. Mwalimu Tuone alikuwa amezidi miaka hamsini, na mpaka siku ile simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea, basi.

Kipindi chake cha kwanza alikifundisha chote maikrofoni ikiwa imezimwa. Wanafunzi, kwa heshima zao, hawakumwambia. Kipindi cha pili sauti ilikuwa wazi kuliko alivyodhani. Katikati ya milinganyo, wifi yake alipita akiuliza kifuniko cha sufuria kiko wapi, na kabla mwalimu hajageuka, mwanafunzi mmoja akaandika: "Mwalimu, kiko kwenye rafu nyuma yako."

Alipotusimulia tulicheka sana, naye alicheka pamoja nasi. Lakini baada ya wiki chache kicheko kilimwisha. Wanafunzi walikuwa wakizima kamera ili bando lisiishe haraka, na yeye akabaki akitazama safu za vyumba vidogo vyeusi vyenye majina. Alizoea kusoma nyuso. Alimjua aliyeelewa kwa namna alivyoacha kutafuna kalamu. Sasa akiuliza swali, anajibiwa na kimya cha maji mtungini. Siku moja alinipigia simu, mimi mwalimu wa jiografia niliyekaa naye meza moja miaka yote hii, akasema, "Mwenzangu, naongea na vigae. Mtu anaweza kufundisha bafu?"

Haukuwa mzaha. Alikuwa ameshakwenda kwa mkuu wa shule kuomba astaafu mapema. Mkuu alimsihi amalize muhula kwanza.

Wiki hiyohiyo aligundua kwamba msichana mmoja wa kidato cha tatu, msemaji sana enzi za darasa la kawaida, alikuwa haingii tena. Akapiga simu kwao. Msichana aliishi na mama yake na babu yake, dereva wa lori mstaafu ambaye ugonjwa ulikuwa umemwacha hana nguvu ya miguu. Babu alikuwa amerudi kutoka hospitali na kiti cha magurudumu, lakini nyumba ilikuwa na ngazi mlangoni. Mjomba akalaza ubao juu ya ngazi. Mara ya kwanza kushuka, kiti kiliponyoka, kikavuka ua, kikagonga geti, babu akaanguka na kuumia bega. Tangu siku hiyo alikataa kutoka. Alikaa ndani akitazama pazia, na kwa kuwa mama alikuwa kazini, mjukuu alikaa naye.

"Mwalimu, mimi hesabu nimeshaacha," msichana alisema. "Babu hatoki, na mimi sitoki."

Mwalimu Tuone alichukua kalamu. Kisha akauliza, "Hizo ngazi zimeinuka kiasi gani kutoka chini?"

Kipindi kilichofuata aliweka kando mada ya siku na kuonyesha picha ya ngazi na ule ubao. Alikuwa ameomba ruhusa kwanza. Babu alikubali kwa sharti moja: uso wake usionekane, uonekane ubao, maana ubao ndio wenye makosa. Mwalimu akawaeleza wanafunzi kilichotokea, kisha akawapa kazi. Kila mmoja atafute njia ya mteremko iliyo karibu naye, apime imepanda kiasi gani na ina urefu gani, na amuulize mtu anayeipita kila siku kama ni nzuri au inachosha.

Hapo ndipo darasa lilipofufuka. Zilianza kumiminika picha. Mmoja alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya zahanati na futi ya kupimia. Mwingine alikuwa amemshikisha mlinzi wa benki ncha moja ya kamba, na mlinzi alionekana kuipenda kazi hiyo kuliko yake. Wakaweka vipimo vyao kwenye jedwali moja, wakagawanya, wakabishana. Wakaona kwamba njia ambazo watu wa viti vya magurudumu walizisifu hupanda sentimita moja kwa kila kumi na mbili za kwenda mbele. Ubao wa mjomba ulikuwa ukipanda moja kwa kila tatu na ushee. Huo haukuwa mteremko, ulikuwa mtego.

Ngazi za babu zilikuwa zimeinuka sentimita arobaini na tano. Mara kumi na mbili, ni mita tano na sentimita arobaini. Kutoka mlangoni hadi getini palikuwa na mita nne tu. Darasa likakwama. Mmoja alipendekeza geti lisogezwe barabarani. Mwingine alipendekeza nyumba ishushwe. Ndipo sauti ambayo haikuwa imesikika kwa wiki kadhaa ikafunguka.

"Kwani ni lazima iende moja kwa moja?" msichana aliuliza.

Akachora mwenyewe kwenye ubao wa mtandaoni, wenzake wote wakitazama. Njia itoke mlangoni ifuate ukuta kwa mita tatu, ifike kwenye kibaraza bapa cha kugeuzia kiti, kisha irudi upande wa pili kwa mita mbili na sentimita arobaini. Mwalimu alimwacha aulizwe na wenzake mpaka maswali yakaisha.

Mjomba alijenga kwa zege, akisaidiwa na marafiki wawili, akinung'unika kwamba mlango umekuwa mrefu kuliko nyumba. Mwalimu Tuone alikwenda mwenyewe kukagua, futi mkononi, akamsalimia babu shikamoo kupitia dirishani. Kipande kimoja kilikuwa na mwinuko mkali kidogo. Mjomba alikirudia.

Siku ya kushuka, msichana alishika simu ili darasa zima lione. Babu alikataa kusukumwa. Aliweka mikono kwenye magurudumu, akashuka polepole mpaka kwenye kibaraza, akasimama hapo akitazama barabara. Moja baada ya nyingine, kamera za wanafunzi zikafunguka, bando au si bando. Akashuka kipande cha pili hadi chini. Kisha akageuza kiti.

"Sasa nirudi juu," alisema, "nione kama na kurudi mmekupigia hesabu."

Akapanda mwenyewe. Alipumzika mara moja pale kibarazani, lakini hakuna aliyemgusa. Kamera pekee iliyokuwa imezimwa wakati huo ni ya Mwalimu Tuone, na shemeji yetu anasema mtandio wake ulikuwa unafaa kukamuliwa.

Habari ya kustaafu mapema hatukuisikia tena. Alijifunga kibwebwe. Aliyeshindwa kuwasha maikrofoni ndiye aliyekuja kutufundisha sisi wengine kurekodi vipindi, kugawa wanafunzi katika makundi madogo na kuandaa masomo mepesi yasiyomaliza bando. Jengo lilipotengenezwa, alibaki na darasa lake la Jumamosi mtandaoni, na leo wanaingia hadi wanafunzi wa shule ambazo hatuzijui. Matokeo ya hisabati yamepanda, ingawa yeye atawaambia waliopanda ni watoto. Msichana yule anasomea uchoraji wa majengo. Babu yake bado hushuka kila asubuhi hadi getini kukosoa madereva wanavyoegesha magari.

Hatutasema hana kasoro. Mwalimu wa ratiba, aliyekuwa akisahihishiwa kila dakika, atapumua. Keki za sherehe za wafanyakazi sasa zitakatwa vipande visivyolingana, na tutavila kwa amani. Lakini asubuhi tutakapobishana jambo, tutatazama kiti chake, na sijui nani atatutuliza.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kila mtoto uliyemwambia hesabu ni zake pia. Tunamshukuru shemeji, watoto na wifi kwa kutuazima muda wako, na rafu ya vyombo pia. Tunakuombea afya njema, magoti yasiyolalamika na siku zenye nafasi. Jumatatu kengele itakapolia, wewe endelea kulala. Hiyo ni yetu sasa.