Jogoo wa Kila Desemba

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Woolwich! Itikieni polepole, maana leo nasimama hapa na uso wa aibu. Mnanijua kama mwalimu wa somo la Jumamosi. Mimi nimekuwa mwongo. Mungu amenitoa kwenye uongo wa miaka kumi na mitano, na aliyemtumia ni binti yangu Nekesa, wa miaka kumi na minne.

Nilipokuja London nilimwambia mama yangu kule nyumbani Webuye, "Desemba narudi." Desemba ikafika, makaratasi yangu bado. Nikitoka hapa siruhusiwi kuingia tena, na mke yuko hapa, mtoto njiani. Nilimwambia hivyo? Wapi! Niliona haya. Nikasema, "Desemba ijayo, Mama, kwa jina la Yesu!" Nikarudia kila mwaka. Naye kila mwaka akafuga jogoo wa kunichinjia, akimlisha mahindi kwa mkono wake, na Januari akamgawia jirani.

Mwaka jana Mama alianguka bafuni. Alilala sakafuni tangu asubuhi mpaka jirani alipokuja jioni kuomba chumvi. Dada yangu Naliaka akamsihi ahamie kwake Kitale. Mama akakataa katakata. "Mwanangu akija Desemba, akute nyumba imefungwa?" Ndugu zangu, maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu kwenye simu, na bado nikanyamaza!

Basi Jumamosi moja nikawafundisha habari za uhamisho. Mfalme wa Babeli amewashinda Wayahudi, amebeba vyombo vya hekalu, amewahamisha watu mateka. Akatokea nabii Hanania, akatangaza kwamba miaka miwili tu, wote watakuwa wamerudi nyumbani. Watu wakafurahi, lakini ulikuwa uongo. Yeremia ndiye aliyewaandikia mateka ukweli, kwamba watakaa huko sana, kwa hiyo wajenge, wapande bustani, wauombee mji ule. Hanania nilimchambua siku hiyo! Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika.

Nekesa, ambaye kila Desemba alinisikia nikimwahidi Mama kwa simu, akainua mkono. Watoto wetu mnawajua, unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Siku hiyo alisema Kiswahili, neno kwa neno, mbele yenu: "Baba, kwani wewe si Hanania wa nyanya, mama yako?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema muda umekwisha, tufunge kwa maombi, na kipindi kilikuwa hakijafika hata nusu. Wengine mliangalia ukutani, nikawaona.

Kesho yake, baada ya ibada, nilimpigia Mama nikamwambia yote. Akasema:

"Kwa hivyo huji."

"Siji, Mama. Na sijui ni lini."

Akalia. Mimi mtu mzima nikalia. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kisha akajipangusa, akauliza, "Huko unakokaa, umepanda hata mboga, hata sukuma wiki?"

Jamani! Somo letu la Yeremia hakulisikia! Hakuna aliyemwambia! Nikasema, hapana, Mama.

"Miaka kumi na mitano! Sasa ulikuwa unangoja nini?"

Mama sasa yuko Kitale. Alisafiri na jogoo wake kwenye kikapu, wakamla na wajukuu siku ya kawaida tu. Naliaka anasema Mama aliomba paja, akalimaliza. Mimi makaratasi bado, sitawadanganya. Nina sukuma kwenye ndoo mbili dirishani, na aibu yangu ninayo. Lakini nikimpigia Mama sitafuti tena la kusema, na kwa hilo namshukuru Mungu wangu!

Ndugu yangu, kama kuna mzazi uliyempa tarehe ambayo huna, mtegemee Bwana, umpigie mzazi huyo simu leo. Atalia, ndiyo. Lakini mwambie ukweli, naye apate kumla jogoo wake.