Nyumba Tisa na Droo Moja

Ndugu, jamaa, majirani na walimu mliofika, naomba radhi kabla sijakosea, kwa sababu ukoo huu una watu wenye sauti za msibani, lakini karatasi ya wasifu imeangukia mikononi mwa mtu ambaye kwa miaka thelathini kazi yake ni kuchekesha kumbi, kwa hiyo nikijikwaa msinionee huruma, na mkitaka kucheka chekeni, marehemu mwenyewe alikuwa akicheka kwa kuziba mdomo na kiganja, kama mtu anayeficha pengo.

Marehemu dada, ambaye wengi wenu mlimwita Madam Kemia na sisi tuliolala naye mkeka mmoja tukimwita Mkoba, alizaliwa Jumanne tarehe 9 Machi 1971 katika chumba cha uani cha nyumba ya kupanga, akiwa mtoto wa kwanza wa dereva wa greda na mkewe fundi cherehani, na mtoto wa pili na wa mwisho, samahani sana, ndiye huyu anayewasomea.

Mama yao alifariki tarehe 2 Agosti 1977, na baba akaendelea kuzifuata barabara alizozichonga, akiahidi kurudi barabara ikiisha, nanyi mnajua barabara zilivyo, haziishi, basi watoto wakagawiwa ndugu, na kwa miaka tisa Mkoba akaishi nyumba tisa, tano kati ya hizo akiwa na mdogo wake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ila yeye jembe alilikuta limeegemezwa mlangoni likimsubiri. Kila nyumba alipokewa kwa maneno yale yale, "Hapa ni kwako, mwanangu," naye akajua kwamba maneno hayo yakishasemwa mwaka hauishi kabla hajaondoka, kwa hiyo hakutoa nguo mkobani, na watoto wa shangazi wakampa jina hilo kwa kumsimanga, "We Mkoba, unaondoka lini?" Mdogo wake aligundua mapema kwamba mtoto anayechekesha hafukuzwi upesi, akajifunza kuigiza kutembea kwa mjomba akitoka kilabuni, akapona hivyo, lakini Mkoba hakuwa na kipaji hicho, alikuwa na mkoba.

Elimu ya msingi aliipata katika shule sita, akifundishwa kugawanya mara tatu na sehemu mara sifuri, kwa kuwa kila shule aliyofika ama ilikuwa imeshazipita sehemu ama haijazifikia, akafaulu kwa kuchungulia, na tarehe 13 Januari 1986 akapokewa shule ya sekondari ya bweni ya wasichana.

Alhamisi tarehe 21 Mei 1987, Mkoba akiwa kidato cha pili, mwalimu wa kemia, mtu mfupi mwenye koti lililotobolewa na tindikali kama chujio, aliukuta mkoba chini ya meza ya maabara, akadhani kuna mirija ya shule inaibwa, akaumwaga mbele ya darasa zima, yakatoka magauni mawili, kipande cha sabuni, kijiko, na utepe wa kupimia wa marehemu mama, darasa likaangua kicheko, mwalimu akauliza, "Wewe, unasafiri?" naye akajibu, "Sijui, Mwalimu, hawajaniambia." Mwalimu yule hakujua maneno laini, alivuta droo ya tatu kutoka dirishani, akatoa vipimajoto vilivyovunjika, akaifuta kwa mkono wa koti, akampa ufunguo na kusema, "Hii imepigiliwa misumari ukutani, haiendi popote," na Mkoba akahamisha vitu vyake kimoja kimoja, kazi ya dakika mbili ikamchukua siku kumi na moja.

Tangu hapo alibaki maabara kila jioni akiosha mirija, akajifunza kwamba kitu kinaweza kuchemshwa, kikabadilika rangi, kikawa mvuke, na ukikipima chote bado kipo, akamwandikia mdogo wake barua akimwambia, "Kumbe hatupotei," naye mdogo wake akaisoma jukwaani kwa sauti ya kuku, watu wakafurahi sana. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1989 akiwa wa kwanza katika kemia, cha sita mwaka 1991, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1994, na tarehe 3 Julai 1995 akaajiriwa shule aliyoitumikia hadi mwisho, ambako alimwomba seremala droo ishirini na nne zenye kufuli kwa ajili ya wanafunzi wasio na pa kuweka vitu, na hakuwahi kumuuliza hata mmoja kwa nini.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1996 na mpima ardhi, wakajaliwa binti mmoja tarehe 5 Oktoba 1998, na tarehe 30 Juni 2004 mpima ardhi akapima upya, akaona mpaka wake uko kwa mwanamke mwingine.

Februari 2020 miguu ilianza kuvimba, akasema ni viatu vimesinyaa, na tarehe 11 Mei 2021 ikabainika kuwa figo zote mbili zimekufa, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, mkono mmoja umefungwa mpira, mwingine unasahihisha madaftari. Mwaka uliofuata maabara ilikarabatiwa na droo zote zikang'olewa, alipouliza kama zipo mdogo wake akamjibu zipo. Binti alipimwa ili amtolee mama yake figo moja, damu ikakataa, na tarehe 18 Oktoba 2022 mdogo wake akapimwa, ikalingana kama ya pacha. Upasuaji ulipangwa tarehe 16 Januari 2023, mdogo wake akawa na maonyesho, ukapangwa 20 Machi, akapiga simu akikohoa, na kukohoa ndiyo kazi aliyosomea, ukapangwa 5 Juni, akafika hadi getini, akanunua gazeti, akarudi nyumbani. Kila mara dada alimwambia, "Usijali, mdogo wangu, ukiwa tayari," kisha akawasimulia wauguzi vichekesho vyake, mkono mdomoni. Alifariki Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023 saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, ameacha binti mmoja na huyo mdogo wake.

Tunawashukuru majirani waliompikia uji usio na chumvi wakauonja wenyewe bila kukunja uso, walimu wenzake waliobeba vipindi vyake, na wauguzi wa chumba cha mashine. Dada, lala kwa utulivu, umechoka vya kutosha.

Daktari nimemweka mwisho kwa makusudi, tunamshukuru kwa uungwana wake, kwani kwenye cheti ameandika kwamba marehemu ameuawa na figo zake mbili, ilhali anajua vizuri kwamba ni ya tatu, hii niliyosimama nayo hapa.