Ugonjwa Hauna Pasipoti

Benchi la Katuba liko mbele ya kioski ya Mama Mbambu, pale barabara inapokunja kabla ya kufika kliniki, na lina utaratibu ambao hakuna wizara iliyouandika, ila unaheshimiwa kuliko mingi iliyoandikwa. Aliyetibiwa India hukaa katikati, penye egemeo. Aliyetibiwa Zambia hukaa ubavuni mwake. Aliyeomba visa akanyimwa hukaa ukingoni, tako moja likiwa hewani, kwa kutambua juhudi zake. Aliyetibiwa hapahapa Lubumbashi husimama, hata kama alipona. Mzee Mwaba, aliyepeperusha bendera stesheni mpaka treni zenyewe zikachoka, hajatibiwa popote. Yeye amepewa kigoda kwa heshima ya umri. Mtoto wa jicho amemjaa macho yote mawili. Jioni hiyo ya Oktoba jakaranda za barabarani zilikuwa kwake moshi wa zambarau tu, na wenzake walikuwa sauti zilizovaa kofia.

Kabla giza halijaingia binti yake Abigaël angepiga simu kutoka Liège kutaka jibu. Yeye na kaka zake walikuwa wamempangia baba yao akapasuliwe macho India: wakala angempokea uwanjani, angempeleka hospitali, angemrudisha, kama kifurushi chenye stempu zote. Jibu la pili lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kigoda chake. Daktari Christiane wa kliniki alikuwa amemwambia achague siku ya posho yoyote, yaani Jumamosi, aje apasuliwe, na Abigaël alilijua hilo. Mwaba hakuwa akilala vizuri. Macho aliyonayo ni mawili, na yote mawili alikuwa anatakiwa kumpa mtu mkononi.

— Chef, kwenda! alisema yule wa katikati. Usiulize mara mbili.

Huyo ni Stéphane, anayeuza vipuri vya simu, na jina lake la benchini ni Bombay. Alipelekwa huko kwa ajili ya mgongo, na tangu arudi hajavua ile bangili ya plastiki waliyomfunga hospitalini. Huoga nayo.

— Kule unafika, mulango inajifungua yenyewe. Hukugusa kitu! Ni kama ilikuwa nakungojea weye tangu asubui.

— Na kama nyuma yangu kuko muntu mwingine?

— Inamungojea naye. Mulango ya kule iko na roho mukubwa. Kisha docteur anaingia, anakupatia mukono, anaita jina yako yote, hata ile ya ubatizo. Hapa ku clinique balikuita namna gani?

Mwaba alifikiri.

— «Weye wa macho.»

— Unaona?

— Tulikuwa benye macho mingi. Tulisimama bote.

Benchi lilicheka, na Mama Mbambu akamimina kahawa ya tangawizi. Mwaba hakucheka sana. Maisha yake yote alikuwa amesimama mbele ya madirisha madogo yenye vyuma, nyuma ya vyuma hivyo akiwamo mtu anayekula karanga na kumwambia arudi kesho. Akauwazia mlango wa Bombay. Ulifunguka polepole kwenye ule weupe uliomjaa machoni, bila mlio, na ndani yake mtu asiyemjua akasema jina lake lote, kwa upole, kama anayesoma jina la mtakatifu. Ilikuwa ndoto nzuri. Alikaa ndani yake kidogo.

— Mulango ni bure, alisema Mumbere.

Mumbere ana malori yanayokwenda Kasomeno. Wanamwita Douane, yaani Forodha, kwa sababu kila hadithi yake huanzia mpakani. Tumbo lake lilitibiwa Ndola.

— Siri ni kimya. Kule Zambia ba-infirmière banatembea kama banakanyaga pamba. Hapa, kama banakuchoma shindano, avenue nzima inajua. Kule nililala siku ya kwanza, tumbo ikasikia ile kimya, ikapata haya.

— Tumbo ilipata haya?

— Haya mingi. Ilikuwa nanguruma tangu ku mupaka ya Kasumbalesa. Pale ikanyamaza kama mutoto mu misa.

— Bote munajua nusu, alisema Adalbert kutoka ukingoni.

Adalbert alikuwa karani wa jimbo mpaka alipostaafishwa, na wanamwita Visa, kwa sababu ya kile asichowahi kupata. Pasipoti yake hulala kwenye mfuko wa shati, na anapotaka kusema jambo zito huigusa kwanza. Akaigusa.

— Naleta swali ya sheria. Ugonjwa iko na pasipoti?

— Haina.

— Iko na visa?

— Itaipata wapi, kama weye mwenyewe ulikosa?

— Bon. Sasa inapanda ndege na papier gani? Hakuna! Inabakia ku aéroport, inakaa chini inakungojea. Njo maana bantu banafika kule tayari bazima. Ba-docteur ba kule kazi yao ni kufunga dossier tu.

— Miye nilipita na lori, alisema Mumbere.

— Weye, ugonjwa yako ililipa douane.

— Na siku ya kurudi? aliuliza Mama Mbambu. Si inakukamata pale pale?

— Unatokea mulango ingine, mama. Ugonjwa haijui ma-sorties.

Bombay hakutaka kushindwa na mtu asiyewahi hata kufungiwa mkanda wa ndege. Akajinyoosha taratibu, kama mtu anayekunjua kiti kibovu.

— Mugongo iko namna gani? Mama Mbambu alimuuliza.

— Mugongo iko na souvenirs muzuri. Sikieni sasa. Kule ku mulango kuko samaki mu kioo mukubwa kama hii kioski. Batu banazania ni décoration. Hapana! Wakati unaingia, samaki anakuangalia. Akienda kushoto, ni figo. Akienda kuume, ni moyo. Docteur yeye anaangalia samaki tu.

— Na kwa mugongo, samaki anaenda wapi?

— Anarudi nyuma.

Mwaba akawaona hao samaki. Walitoka kwenye kioo, wakapita katikati ya moshi wa jakaranda, juu ya paa za mabati, kuelekea kwenye ile cheminée ya mjini, bomba refu la moshi la kiwanda, na mmoja wao akageuka kumtazama usoni kwa muda mrefu, kama anayetafuta neno. Akasema, bila kumwelekea yeyote:

— Docteur Christiane alibeba verre ya maji. Akatia tone moja ya maziwa. Akasema: papa, njo hii iko mu jicho yako, na ile siku tutaitoa. Ni ile tu alifanya.

— Muzuri, alisema Adalbert. Na kisha?

— Kisha infirmière akasema nikuje na shuka yangu.

Benchi lilishtuka kama limeambiwa kuna kifo.

— Shuka yako!

— Na beseni.

— Chef, alisema Adalbert kwa huzuni ya kweli, ile ni kama kupanda ndege na kiti yako ku kichwa.

Mwaba akainamisha uso. Jambo hilo lilimuumiza yeye pia.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja kijana, sufuria iliyofunikwa kitambaa mkono huu, shuka iliyokunjwa mkono ule. Alisema anaitwa Falonne, anatoka Annexe, pembezoni mwa mji, na mlinzi wa kliniki amemwambia geti litafunguliwa akimaliza kula, bila kusema kama ameanza. Mama Mbambu akampa kahawa na nafasi ya kuweka sufuria. Falonne akasikiliza habari za milango na kimya na samaki, akinywa kidogo kidogo, mpaka zilipotulia.

— Ba-papa, mutanisamehe. Naona mambo ya kupasuliwa munaijua. Mama yangu banamupasua kesho asubui, iko na woga sana. Ananiuliza kitu, sikuwa na la kumujibia. Pale unaamuka, ba-papa, unaona nani wa kwanza?

Bombay alifungua mdomo kwa haraka ya mtu anayejua. Kisha akaufunga. Akaigeuza ile bangili mkononi.

— Plafond, alisema mwishowe, akiinua uso kama anayeitazama dari ile tena. Ilikuwa propre, safi sana.

— Na muntu?

— Muntu... Kulikuwa televizyo.

Falonne akamgeukia Mumbere. Mumbere alikuwa akikoroga kahawa ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

— Miye niliona rideau, ile pazia ya kitanda. Nilitaka kuita muntu. Nikaogopa kuharibu kimya yao.

Adalbert aliigusa pasipoti, kisha akaondoa mkono. Geti la kliniki likalia. Falonne akashukuru, akabeba sufuria na shuka yake, akaenda. Mwaba alifuata sauti ya kandambili zake mpaka ilipoingia ndani.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akampa Mama Mbambu amwangalizie.

— Ni Abigaël, papa, alisema, akaifungua na kumrudishia.

— Papa, yambo! Uliamua? Agent iko anangoja jibu. Hospitali ni muzuri sana, nilisoma vile batu banaandika. Ba-malades bote banaipatia étoiles tano.

— Yambo, mama. Siku banafungua macho yangu kule, weye utakuwa wapi?

— Miye? Papa, niko na kazi. Lakini agent atakuwa pale. Naye iko na étoiles tano.

Benchi lilijifanya linatazama barabara. Mwaba aliugeuza uso upande wa kliniki. Ukuta wake, uliopakwa chokaa miaka mingi nyuma, kwake ulikuwa mwanga tu. Hakujua mkono wa Christiane ni mwepesi kiasi gani. Hakuna aliyeupa nyota. Huenda wangemwita tena weye wa macho, na angesimama tena pamoja na wengine, shuka kwapani. Aliogopa, na woga ule haukupungua.

— Abi.

— Nakusikia, papa.

— Usinitafutie ndege. Tafuta yako.

Kwenye simu kukawa kimya. Mumbere, anayejua vimya, aliweka kikombe chini bila kukigonga. Moshi wa zambarau ulikuwa umeanza kuwa mweusi, na huko Liège, mahali fulani nyuma ya kile kimya, mlango ulifungwa, mlango wa kawaida, unaofungwa kwa mkono.

— Siku ya posho gani, papa?