Kaburi Kando ya Ua wa Mkonge: Maisha ya Dorcas Kathini Mutisya

Mchungaji, wazazi wetu, wageni mliotoka Kitui na hapa Makueni, Bwana asifiwe. Mimi ni Kimeu, shemeji wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, nami nitaharakisha kidogo, kwa sababu mawingu tuliyoyangoja tangu mwezi wa nane yanakuja leo, na naona kila mtu anayaangalia.

Dorcas Kathini alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kyangwithya, nje kidogo ya mji wa Kitui, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Nthiwa na Mama Kalunde, ambaye tuko naye. Alimaliza shule ya msingi mwaka wa 1993, kidato cha nne 1997, kisha akasomea kazi ya kuwarudishia wagonjwa nguvu za mikono na akili kwa shughuli ndogondogo, akafuzu mwaka wa 2001 na kuajiriwa hospitalini Kitui. Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na ndugu yangu Mutisya, akahamia kwetu Tawa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kalekye na Muthama.

Mwaka wa 2014 aliingia kazini Makao ya Neema, hapo ng'ambo ya ua wetu, wanakoishi wazee wasio na wa kuwatunza pamoja na watoto mayatima, akakuta wazee wanashinda wameegemea ukuta na watoto wanawaogopa. Aliwapa sinia za mbaazi na kunde zilizochanganywa, mzee mmoja na mtoto mmoja kwa kila sinia, wachambue, na jioni alizichanganya tena ili kesho kazi isikosekane. Mambo yalienda vizuri mpaka Mzee Mbaluka, yule pale mbele, alipoitambua mbaazi yenye doa aliyoitenga jana yake, akasukuma sinia, akasema yeye si wa kuchezewa na mbaazi uzeeni, na wiki nzima hakutoka chumbani. Kathini alirudi nyumbani akilia, akiogopa kwamba amemvunja mzee wa watu, ndipo akaenda kumwomba msamaha na kumuuliza ni kazi gani ya kweli imebaki, naye akajibu kwamba hawa watoto hawajui mbegu.

Mutisya akawapa shamba hili, na tangu hapo wazee huchagua mbegu, watoto hupanda, na wote hula walichovuna. Ndeti, aliyeletwa makao akiwa mtoto asiyesema na mtu, alifungua mdomo hapa kwa mara ya kwanza, kumwambia Mzee Mbaluka kwamba mstari wake umepinda, na mzee hajaacha kumtania mpaka leo.

Mwezi wa Februari mwaka huu wa 2025 shemeji aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na kitandani alikuwa akiuliza kama wamepanda, na baada yake itakuwaje. Walipanda tarehe 20 Oktoba kwenye udongo mkavu, na tarehe 24 akatuacha kabla hatujamwambia.

Hapo hofu ikaingia, kwa maana wazee wa ukoo walitaka alazwe karibu na kaburi la baba yetu, katikati ya shamba, na kule makao wakaanza kunong'ona kwamba shamba likishakuwa la makaburi hawataruhusiwa tena. Ndeti amekuja kwetu mara kadhaa kuuliza, nasi tukawa tunampa chai. Juzi Mutisya alichukua jembe, akaonyesha mahali kando ya ua wa mkonge, akasema mistari isiguswe, si mwaka huu wala mwaka ujao, na mama yetu akakubali.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, kanisa, na wafanyakazi wenzake wa makao. Mvua ikitupita sijui tutawaambia nini wazee hawa, na hilo linanisumbua hata ninaposoma. Tukienda kaburini, tafadhali tupite kando ya ua, mmoja nyuma ya mwingine, Ndeti atatutangulia, kwa sababu mbegu ziko chini.

Shemeji, wamepanda. Pumzika kwa amani.